Napenda kupiga picha za mtaani: ni wito, au nimechoka tu na kazi?

"Nina miaka 34, ni mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Mwaka jana, nikisubiri mwendokasi pale Gerezani, nilianza kupiga watu picha kwa simu ili muda uende. Sasa nabaki Kariakoo makusudi, nazunguka Mtaa wa Kongo na Msimbazi hata saa nzima kabla ya kurudi Kimara. Simu imejaa. Nikiwa napiga nasahau hata njaa. Kazini ni kinyume: nimekufa ganzi, na usiku silali vizuri. Rafiki yangu anasema nina kipaji, niache kazi. Mume wangu hapingi, ila anauliza hizo picha zitalipa ada ya nani. SACCOS yetu inaweza kunikopesha milioni nne ninunue kamera. Juzi mzee mmoja muuza kahawa alinifokea mbele za watu, akataka nifute picha yake. Nilifuta, nikarudi nyumbani natetemeka. Nitajuaje kama huu ni wito wangu au ni upepo utapita? Na je, ninavunja sheria? Nimekutumia picha kumi na mbili uzione."

Dada yangu, umeuliza swali la wito, lakini ndani yake kuna la kazi, la mkopo, la sheria na la usingizi. Nitayagusa yote. Nitaanza na picha zenyewe, kwa sababu barua yako inaeleza sana unavyojisikia ukiwa unapiga, na haisemi karibu chochote kuhusu ulichopiga. Kwangu mimi ninayefundisha kazi hii, hilo la pili ndilo lenye habari.

Kati ya picha kumi na mbili, nane ni migongo. Usione haya. Karibu kila anayeanza kupiga mtaani hurudi na migongo, maana mgongo haukuulizi unafanya nini. Tano kati ya hizo ni za woga wa wazi. Yule mvuta mkokoteni umempiga kutoka ng'ambo ya barabara huku umemsogeza kwa vidole kwenye kioo, picha ikabaki chembechembe. Mama muuza ndizi umemkata kichwa kwa haraka ya kuondoka. Hizo zifute. Lakini tatu zilizobaki nimezirudia mara kadhaa. Mwanamke amekaa juu ya mfuko wa salfeti kituoni, kikapu cha kuku miguuni, bega lake moja limeshuka. Wanafunzi wawili wameegemea vyuma, mmoja amesinzia wima. Mwanamume amesimamisha godoro jipya lililoviringishwa, amelilaza shavu. Humo mgongo haujatokana na woga, kwa sababu ndio unaoeleza kila kitu, na ungezunguka mbele ungepata picha dhaifu zaidi. Nimeirudia pia ile pekee yenye uso unaokutazama, ya kijana muuza maji aliyenyoosha chupa juu akingoja dirisha la daladala lifunguliwe.

Ukiniuliza mada yako ni nini, sitasema Kariakoo. Nitasema watu wanaosubiri. Na kazi yako ya mchana ni ipi? Kusubiri meli ishushe, hati zipite, mzigo utoke. Sidhani kwamba ni sadfa tu. Una jicho la jambo unalolijua mwilini, na hilo ni kubwa kuliko "kipaji" anachokisema rafiki yako, ambaye nadhani aliziona picha zako moja moja kwenye simu na kuzisifu kwa upendo.

Sasa twende kwenye wito. Watu wengi wanaamini kwamba wito hushuka siku moja, na kwamba ukishuka hutakuwa na shaka. Historia ya upigaji picha imechangia imani hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kijana wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, aliiona picha ya Martin Munkácsi ya wavulana watatu weusi wakikimbilia majini, picha ambayo dunia inaijua kwa jina la Ziwa Tanganyika. Alieleza baadaye kwamba ndiyo iliyomwonyesha kamera inaweza kufanya nini. Mwaka 1932 alipata kamera yake ndogo ya kwanza aina ya Leica, mwaka 1947 akawa mmoja wa waanzilishi wa Magnum, shirika la wapiga picha, na leo huwezi kuzungumzia picha za mtaani bila kumtaja. Kisa kizuri, na sisi tunaopakana na ziwa hilo tuna haki ya kukifurahia. Lakini wanaokisimulia mara nyingi huruka mambo mawili. Kabla ya hapo alikuwa amesoma uchoraji, kwa hiyo jicho lilikwishafunzwa kupanga vitu ndani ya fremu. Na ukoo wao ulikuwa na kiwanda cha nyuzi. Aliweza kuzunguka miji na kamera bila kuulizwa ada italipwa na nani. Swali la mumeo si la mtu anayekukatisha tamaa. Cartier-Bresson hakuulizwa, wewe umeulizwa.

Waliochunguza jinsi shauku inavyokua wanatoa picha tofauti na ile ya wito unaoshuka siku moja. Mwaka 2006 Suzanne Hidi na Ann Renninger walieleza hatua nne. Kwanza mazingira hukuamsha tu: umesimama Gerezani, una simu, kuna mwanga. Kisha mazingira yaleyale hukushikilia, ukawa unarudi kwa sababu pako njiani na ni rahisi. Hatua ya tatu unaanza kujiuliza maswali yako mwenyewe na kutafuta majibu hata pale mazingira yanapokupinga. Ya nne ni shauku iliyokomaa, inayostahimili uchovu, kukataliwa na kazi za kuchosha zinazoizunguka. Kwa ninavyokusoma, uko mwishoni mwa ya pili, umeweka mguu mmoja kwenye ya tatu. Dalili ya mguu huo ni kwamba umeandika barua. Lakini mtu wa hatua ya pili hana anachoweza kukiamua kuhusu kuacha kazi. Hajapata bado ushahidi wa kutosha juu yake mwenyewe.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa mwaka 2018, wa Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton. Wanafunzi walionyeshwa video tamu kuhusu mashimo meusi ya angani, wengi wakasisimka. Kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi kuhusu jambo hilohilo. Wale walioandaliwa kuamini kwamba shauku ni kitu kilichopo tayari na kazi yako ni kukipata, ndio waliopoteza hamu zaidi walipokutana na ugumu. Walioandaliwa kuamini kwamba shauku hulelewa waliendelea kuwa na hamu kuliko wenzao. Ninalisema hili kwa sababu mzee wa kahawa ndiye makala yako ngumu. Umerudi nyumbani unatetemeka na sasa unauliza kama huu ni wito kweli. Hofu ile haikuambii lolote kuhusu wito. Inakuambia kwamba bado hujajifunza kumkaribia mtu.

Basi kipimo changu ni hiki: usijipime kwa furaha ya kupiga. Kila mtu anafurahia kupiga. Jipime kwa unachofanya na picha baada ya kupiga, pale ambapo hakuna msisimko. Chukua hayo maelfu uliyonayo, chagua sitini, peleka studio yoyote ya mtaani ukasafishe saizi ya kawaida. Zitandaze sakafuni watoto wakishalala. Ziache siku chache, kisha punguza zibaki ishirini. Utaumia kuziondoa unazozipenda kwa sababu ya kumbukumbu ya siku ile na si kwa sababu ya kilichomo ndani ya picha. Kisha jiulize ni ipi inakosekana, na utoke kuitafuta hiyo. Fanya hivyo kwa miezi sita ukishikilia mada ya kusubiri: vituoni, Kivukoni kwenye foleni ya pantoni, nje ya benki, kwenye bomba la maji linapokatika. Ikiwa kazi hiyo ya kuchagua na kutupa inakuvuta usiku wa pili na wa kumi, utakuwa umepata jibu ambalo mimi siwezi kukupa. Ikiwa inakuchosha na unachotaka ni kuzunguka tu, bado hujapoteza kitu. Kuzunguka na simu baada ya kazi ni starehe halali na haihitaji jina kubwa.

Kuhusu kuacha kazi, jibu langu ni hapana, angalau kwa sasa, na silisemi kwa kukwepa. Picha za mtaani zenyewe karibu hazimlipi mtu yeyote, popote duniani. Wanaoishi kwa kamera hapa kwetu wanaishi kwa harusi, send-off, kitchen party, mahafali, ripoti za mashirika, hoteli na habari. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapahapa mwaka 1963, aliishi kwa kuuza habari, tena habari za moto na vita. Vivian Maier alipiga mitaa ya Chicago kwa miongo huku akiishi kwa kulea watoto wa watu, akaacha zaidi ya negativu laki moja ambazo karibu hakuna aliyezijua mpaka zilipouzwa kwenye mnada mwaka 2007. Fred Herzog wa Vancouver alikuwa na ajira ya kupiga picha za kitabibu, na mitaa aliipiga kwa muda wake mwenyewe. Maonyesho makubwa yaliyomtambulisha yalifanyika mwaka huohuo wa 2007, akiwa amepita miaka sabini. Siwataji hawa ili nikuambie ujifiche kama Maier, maana mimi nataka picha zako zionekane. Nawataja kwa sababu unadhani kuna mlango mmoja tu: kuacha kazi au kuacha kamera.

Na kuna hatari isiyozungumzwa. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wadogo waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, watoto wale walichora muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Malipo yaliyoahidiwa yaligeuza mchezo kuwa kibarua. Mtu mzima si mtoto wa chekechea, lakini nimeona wapiga picha wazuri wa mtaani ambao baada ya misimu miwili ya harusi hawagusi kamera siku ya Jumapili. Ukitaka kujua kama unaweza kubeba upande wa biashara, tafuta mpiga picha wa harusi umsaidie Jumamosi kadhaa. Utabeba taa, utapanga mashangazi kwa urefu, utasubiri bibi harusi hadi saa nne usiku. Baada ya hapo utaongea na mumeo ukiwa na hesabu mkononi, na hesabu ndiyo fani yako.

Mkopo wa kamera usichukue. Simu yako, ukiacha kuvuta kwa vidole, ina lenzi pana inayolingana na milimita 24 hadi 28, upana uleule wanaoupenda wapiga picha wengi wa mtaani. Inakulazimisha usogee, na kusogea ndiko kunakokushinda sasa. Kamera ya milioni nne haitakusogeza, itakufanya uonekane zaidi, na pale Kongo itakuongezea wasiwasi wa vibaka wa pikipiki. Kinachoharibu picha zako ni mambo mawili yasiyo na gharama.

La kwanza ni saa. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mchana jua linakaa juu ya vichwa, na mwanzoni mwa Machi na mnamo Oktoba linapita karibu kabisa utosini. Macho yanazama kwenye vivuli na kofia inafuta uso wote. Wewe unatoka kazini jioni, una bahati. Kuanzia saa kumi na nusu mwanga unaingia mitaani kwa ubavu na kuchora kila mkunjo wa nguo, kisha unaondoka haraka, kwa sababu kwetu giza halicheleweshi. Usiupoteze muda huo ukinunua vitunguu.

La pili ni kipimo cha mwanga. Simu inajaribu kuifanya fremu nzima iwe na wastani wa kijivu. Ukimweka mtu mweusi mbele ya anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa kivuli. Picha zako kadhaa zimekufa hivyo. Gusa uso kwenye kioo, acha anga liungue kidogo. Kwa mwenye baibui jeusi aliyejaza fremu hutokea kinyume: simu inaongeza mwanga mpaka uso unapauka, kwa hiyo hapo shusha. Ni mambo ya kujifunza kwa jioni moja.

Turudi kwa mzee wa kahawa. Umemfutia picha, ulifanya vema. Ila usimchukulie kama mtu mkali tu. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana sababu ya kuogopa kamera. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar waliondolewa kandokando ya barabara, na aliyeona kibanda chake kikivunjwa hajui wewe ni nani, umetumwa na nani, wala picha itaonekana wapi. Wengine wamewahi kujiona mtandaoni wakichekwa. Ukiwa na hayo kichwani, utaelewa kwamba kumpiga mtu kwa kuvizia si ujasiri. Kuna dhana kwamba picha ya mtaani ikiombwa ruhusa si halisi tena. Mimi siikubali kwa ukamilifu wake. Kuna picha ambazo ukiomba zinakufa, kama ile ya godoro. Hizo piga, kisha msogelee mtu, msalimie, mwonyeshe, na akisema futa, futa mbele yake. Na kuna watu ambao adabu inakutaka uanze na shikamoo. Nunua kahawa, kaa kwenye benchi, rudi kesho, rudi tena. Yule mzee mpelekee salamu bila simu mkononi. Baadaye ukimpiga kwa ridhaa yake, msafishie nakala umpelekee. Mtaa mzima utakujua kwa nakala hiyo.

Sheria, kwa kifupi, maana mimi si mwanasheria. Katiba yetu, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura inayotambulika inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa ya mtu huyo. Eneo la hatari zaidi ni matumizi: picha ya mtu ikitumika kutangaza bidhaa au kuuzwa kwa kampuni bila ridhaa yake, unajitafutia kesi. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Watoto wapige kwa idhini ya mzazi au mlezi, na usiwapige kamwe katika hali ya kuwadhalilisha. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu na maeneo ya ulinzi usielekeze simu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina utani, na bandarini unakofanya kazi usipige bila kibali hata kama mwanga umependeza kiasi gani. Kwenye pantoni zungumza kwanza na walinzi. Siku mtu akikuletea barua ya madai, au ukipewa mkataba wa kuuza picha, usijibu kwa busara za mtandaoni. Muone wakili ana kwa ana. Kuhusu haki zako wewe kama mpigaji, ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo ya kuuliza.

Nimeacha mwisho jambo ambalo umelitaja kwa sentensi moja tu: umekufa ganzi kazini na hulali. Ninaomba usilifunike kwa kamera. Mtu aliyechoka kupita kiasi hupata nafuu popote pasipo ofisi, na nafuu hiyo inafanana sana na wito. Angalia likizo yako ijayo. Ukipumzika wiki mbili na hamu ya kuzunguka ikabaki ileile, ni ya picha. Ikipungua pamoja na uchovu, ulikuwa unahitaji kupumzika, au kazi nyingine ya uhasibu yenye bosi mwingine. Na ikiwa kukosa usingizi na ganzi hiyo vimeendelea zaidi ya wiki mbili, ukawa huli vizuri, unalia bila sababu au huoni maana ya kuamka, nenda hospitali ukaonane na daktari, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Usisubiri mradi wa miezi sita uishe. Ukifikia kuwaza kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na mwambie mumeo akusindikize.

Kuhusu macho ya kukusaidia, mimi nimeona picha kumi na mbili kwenye kioo, hazitoshi. Nafasi Art Space pale Mikocheni hukutana wasanii wa kila aina. Ulizia ni lini kuna mazungumzo au maonyesho ya picha, uende. Beba zile ishirini zilizosafishwa, kwenye bahasha, simu iache mkobani. Mpe mtu azipange juu ya meza kwa mpangilio wake mwenyewe, na wewe nyamaza mpaka amalize. Kisha muulize ipi angeitoa. Fomu ya SACCOS iache kwanza bila kusainiwa.